Cheni ya Dresa

Wote walioteremka kwa baisikeli kutoka Ronge kuja Mwatate walinyoosha miguu, wakaiacha baisikeli ishuke yenyewe huku wakipiga mluzi. Dresa peke yake alikuja akikanyaga. Mlima unashuka, naye anakanyaga. Goti juu, goti chini, kofia ya kaki imefungwa kwa kamba kidevuni, na nyuma sanduku la dawa limefunikwa kitambaa cheupe. Watoto wa shule walimpigia kelele, "Dresa, mlima umeisha ama bado?" Aliendelea kukanyaga. Hata angetaka kuipumzisha miguu asingeweza, na aliyemfanya hivyo ni mimi, fundi wa baisikeli wa hapa sokoni.

Tulimwita Dresa kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake: kufunga vidonda, kudunga sindano, kugawa kwinini na ile dawa nyeupe ya tumbo, katika zahanati ndogo nyuma ya soko na katika kambi za mkonge. Jina alikuwa nalo, maana nani hana jina, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikotoka sijui na sitawadanganya. Wengine walisema ni Mkamba, wengine walisema ni mtu wa Mata, kule mpakani, aliyekosana na kwao. Siku moja nilimuuliza waziwazi. Akaniambia, "Natoka zahanati." Basi, yakaishia hapo.

Usafi wake ulikuwa ugonjwa. Chai hakunywa mpaka ayaone maji yakichemka kwa macho yake, na alipokaribishwa nyumbani kwa mtu aliingia kwanza jikoni kutazama sufuria, jambo ambalo wake zetu walilichukia sana. "Chemsha kwanza, uliza baadaye," ndio ulikuwa msemo wake. Mama akimletea mtoto mwenye kamasi alimfokea mbele za watu: "Mama, huyu mtoto ni wako ama ni wa nzi?" Kisha mtoto huyohuyo anampakata, anamsafisha pua kwa kidole chake mwenyewe, anamwimbia. Mguu wenye kidonda cha kunuka, ambao hata ndugu wa mgonjwa wameukimbia, yeye anauweka mapajani na kuuliza habari za shamba. Mtu wa namna hiyo utamwelewaje?

Na kitu kingine. Alipenda kusikia watu wakigombana. Mimi na mke wangu Wakesho ni watu wa maneno, hatujifichi. Nikichelewa kula ananifuata mpaka kwenye kibanda changu cha kazi na kunisema hapohapo, nami namjibu, na soko zima linapata habari. Wateja wengine waliona haya, wakajifanya wanatazama mawingu. Dresa alisogeza sanduku alilokalia, akaja karibu. Tukishanyamaza alitikisa kichwa. "Mna bahati nyinyi," alisema. Nilidhani anatucheka.

Sasa hiyo baisikeli. Ilikuwa nyeusi, nzito, imara, ila friwili ilikuwa imekufa. Friwili ni ile gia ya nyuma inayokuruhusu kupumzisha miguu huku gurudumu linaendelea kuzunguka. Ndani yake mna vijino vidogo vya kushika, na vumbi letu jekundu lilikuwa limeviingia likavila. Dresa akikanyaga, vinateleza. Miguu inazunguka bure na baisikeli imesimama kama punda aliyekasirika. Nilikwenda Voi kwa Mhindi wa vipuri, akaniambia mzigo uko njiani. Mzigo wa Mhindi uko njiani siku zote.

"Ifunge," Dresa akasema. "Weka gia isiyoteleza kamwe. Nikikanyaga iende, nisipokanyaga isiende."

"Utachoka. Kwenye mteremko hutapumzika."

"Nina haraka gani ya kupumzika?"

Kwa kweli hakuwa mjinga. Breki zake zilikuwa zinaungua kwenye zile kona za barabara ya Ronge mpaka mpira unanuka, na gia iliyofungwa ingemwezesha kuizuia baisikeli kwa miguu. Nikatoa gia nzima kwenye mifupa ya baisikeli nyingine, nikaifunga pale friwili ilipokuwa. Akashukuru, akaondoka wima.

Akarudi na majani ya maharagwe kwenye kola. Kumbe akikanyaga mbele gia inajikaza, lakini akizuia kwa miguu mlimani, inajifungua pole pole, mpaka ikaachia na akaishia shambani kwa mama mmoja. "Fundi," akaniambia, "mgonjwa wetu amezimia njiani." Kwake baisikeli ilikuwa ni mgonjwa. Alikuja asubuhi akiuliza, mgonjwa ameamkaje. Nikatafuta ile pete ya chuma inayobana ekseli ya pedeli, ambayo meno yake ya kufungia ni sawasawa na ya pale nyuma, nikaipiga juu ya gia kwa patasi na nyundo mpaka ikakubali. Hiyo haikufunguka tena. Kazi ile ningemwonyesha mtu yeyote, hata leo.

Lakini sasa cheni ikaanza kuruka. Akipanda mlima, akitia nguvu, kra! Mguu unashuka ghafla, goti linagonga usukani. Nikasema ni gurudumu linalovutwa mbele hadi cheni inalegea. Nikalirudisha nyuma, nikakaza nati. Ikatulia. Ikaruka tena. Nikasema ni pini ya mkono wa pedeli, nikaibadilisha. Nikalala chini kifudifudi kutazama kama gia ya mbele na ya nyuma zinatazamana. Zilikuwa zinatazamana kama wazee wawili wa baraza. Nikasema ni cheni yenyewe, imekwisha, imerefuka. Nikamtilia nyingine, mpya kabisa, ingali kwenye karatasi yake. Ikashika, tukafurahi. Haikupita muda, kra!

Kila alipoileta alikaa juu ya sanduku lake, na kazi ikiisha haondoki. Anatazama tu. Jua linateremka nyuma ya mlima, wauza nyanya wanafunga mizigo, yeye yupo. Wakesho akaniuliza kama nina hakika ile cheni inaruka, ama Dresa anatafuta pa kukaa. Nikaona ana maneno. Nikaipanda mwenyewe kuelekea kanisani, pale penye kilima. Nusura nivunje meno. Iliruka kweli, jamani, na mimi sikujua kwa nini.

Jumapili zake ndizo zilinihuzunisha. Alikuja kanisani, akaketi upande wa mlangoni, akatoka wimbo wa mwisho haujaisha. Sisi tulibaki nje kusalimiana, shangazi kwa mjomba, nani kazaa, nani kaumwa, na yeye tayari yuko mbali barabarani, anakanyaga. Krismasi nilimwalika. Akaja, akala, akasifu, akaondoka mapema akasema ana mgonjwa. Jioni nikapita zahanati nikamwona ameketi mlangoni peke yake, viatu amevivua, anatazama treni ya Taveta ikipita. Hakukuwa na mgonjwa yeyote. Nilirudi nyumbani bila kumsemesha maana nilijua nikimsalimu ataona aibu.

Tena wakati ule wa Hali ya Hatari, askari walimsimamisha stesheni ya Voi, kama walivyowasimamisha watu wengi. Wakamuuliza, nani anakujua hapa? Angeweza kumtaja daktari mzungu wa wilaya, ama padri, ama meneja wa mkonge. Alisema, "Fundi wa baisikeli, Mwatate." Askari alicheka hadi akamwachia. Ni askari mwenyewe aliyenihadithia alipokuja kuziba pancha. Yeye alidhani ni kichekesho. Mimi nilishika ile tyubu majini nikasahau kutafuta tundu.

Kama ningekuwa mtu mpole hadithi ingeishia hapo kwa urafiki. Mimi si mpole. Hasira hasara, wananiambia. Hasara ni yangu mwenyewe, wewe inakuhusu nini?

Ilianza na ajali. Dresa alikuwa anateremka kutoka Ronge, anazuia kwa miguu, cheni ikaruka, safari hii ikatoka kabisa. Miguu haikuwa na kitu cha kuzuia, na breki unazijua. Walimleta juu ya machela ya magunia, mfupa wa bega umevunjika, kitambaa chake cheupe kimejaa udongo. Akaufunga mfupa wake mwenyewe kwa mkono mmoja, akimfundisha mpishi wa kambi namna ya kuvuta bendeji. Soko likasema nini? "Fundi karibu amuue Dresa." Walisema kwa kucheka, lakini waliokuwa na baisikeli walianza kuzipeleka kwa fundi wa Bura. Mke wangu alisalimiwa kisimani kwa maneno, "Mume wako hajambo, yule wa cheni?"

Nikamtilia cheni nyingine. Gia ile nikaibadilisha pia. Bega likapona, akapanda tena. Siku moja Wakesho akaenda zahanati kufungwa kidole alichojikata na panga. Akarudi mbio, kidole hakijafungwa, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Baba watoto, njoo uone. Dresa anapika cheni."

"Anapika nini?"

"Cheni! Imo ndani ya sufuria ya sindano, inatokota kama matumbo!"

Nilikwenda na mikono yangu ya grisi. Ilikuwa kweli. Cheni yangu ilikuwa imejikunja ndani ya sufuria, maji yamekuwa meusi, na kwenye kamba ya nguo, katikati ya bendeji zilizofuliwa, palikuwa na msumari wa kuianikia. Kumbe kila Jumamosi aliichomoa, akaichemsha hadi grisi yote ikatoka mpaka ndani ya vile viungo, akaianika juani, akairudisha inang'aa. Ndani imekauka, chuma kinasaga chuma. Kila kiungo kinaliwa kidogo, na vidogo vikijumlishana cheni inarefuka, haikai tena kwenye meno ya gia. Mimi nililala kifudifudi nikitafuta ugonjwa kwenye gia, na ugonjwa ulikuwa jikoni.

"Dresa," nikamwambia, "wewe una akili?"

"Ilikuwa chafu, fundi."

"Cheni inatakiwa kuwa chafu! Ule uchafu ni mafuta, ni uhai wake!"

Akanitazama kwa upole, kama anavyomtazama mama mwenye mtoto wa nzi. "Hakuna kitu kinachotakiwa kuwa chafu," akasema.

Lo! Laiti angesema samahani. Laiti angesema sikujua. Watu wananiita muuaji, wateja wangu wako Bura, na yeye ananifundisha usafi! Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia asiniletee tena baisikeli yake, wala asikanyage kibandani kwangu. Na katika jambo hilo nilikuwa na haki, na mpaka leo nasema nilikuwa na haki.

Sikumsemesha tena. Alipita asubuhi akisema "Hodi fundi," nami nikawa nanyoosha spoki. Alipita jioni, baisikeli akiikokota, maana cheni ile ilikuwa imekwisha na hakuna aliyemtilia nyingine. Bura hakuipeleka. Wakesho alinisema: "Utamnunia mtu asiye na mtu?" Nikamwambia anyamaze. Mvua za masika zikaja zikaenda, Dresa anapanda Ronge kwa miguu, sanduku begani, lile bega.

Kisha akaugua. Homa iliyokataa kusikia kwinini, tumbo limejaa, macho manjano. Wakesho alimpelekea uji, akarudi akiwa kimya, na mke wangu akinyamaza ujue kuna jambo. "Kesho wanampeleka Voi kwa treni, kisha hospitali ya pwani," akasema. "Anakuita. Anasema uje bila spana."

Nilikwenda mchana uleule. Sikumwona tena baada ya siku hiyo, kwa hiyo nakumbuka kila kitu. Chumba chake nilikuwa sijawahi kukiingia. Kilikuwa kisafi hadi kinatia baridi: kitanda kimoja, kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja cha bati kimegeuzwa juu ya kitambaa. Mtu aliyenunua vile vitu hakutarajia mgeni. Mkono aliponipa ulikuwa wa moto na mwepesi, na mimi nilikuwa bado nimekasirika, niseme ukweli.

"Fundi," akasema, "huku kwenu mtu akiugua na asipone, mnauliza nini?"

Nilishangaa. Alijua, na sisi tulijua kwamba anajua, maana aliwahi kuwafukuza watu mlangoni kwa jambo hilo. Sisi Wadawida, kabla ya padri na hata baada ya padri, mtu akizidiwa tunauliza: nani ana hasira naye? Kwa maana hasira iliyofungiwa moyoni hushuka kwenye mwili wa mwenzako. Basi mwenye hasira hutafutwa, huitoa kwa maneno, yote, asibakishe, kisha hutia maji kinywani, huyapuliza nje kama manyunyu na kuomba amani. Tunaita kutasa. Dresa alikuwa akisema huo ni ujinga, kwamba watu wanakufa kwa vijidudu na si kwa hasira.

"Tunauliza nani amekasirika," nikamjibu.

"Nimelala hapa nikiwapitia watu wote ninaowajua, mmoja mmoja. Meneja hana hasira na mimi. Padri hana. Watu wa kambi hawana. Hawana habari na mimi kabisa." Akapumzika. "Nimepita dunia nzima, nimekupata wewe tu."

"Lakini Dresa, hasira ya jirani haimdhuru mtu. Inayodhuru ni ya mtu wa nyumbani. Ya ndugu."

"Najua," akasema. "Nimeishi huku muda mrefu. Najua sana."

Nilitazama ukuta. Kisha nikainuka, nikamimina maji ndani ya kile kikombe, nikaketi tena kwenye kile kiti chake kimoja. Lakini huwezi kupuliza maji kabla hujasema, na nilipofungua kinywa hasira ikatoka kama ilivyokuwa. Nikamwambia: umeichemsha cheni yangu. Umeniaibisha. Watu waliniita muuaji na wewe hukusimama sokoni hata mara moja kusema kosa si la fundi. Mke wangu alichekwa kisimani. Nilipokuja kwako ulinitazama kama mtoto. Sauti yangu ilipanda, mpaka mtu akachungulia mlangoni aone nani anamfokea mgonjwa.

Dresa alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. Nilipomaliza akangoja kidogo.

"Kuna nyingine?" akauliza.

Nikatafuta. Nikamwambia ile Krismasi ulinidanganya una mgonjwa, ukaiacha nyama yangu mezani, ukaenda kukaa peke yako. Iliniuma.

"Kweli," akasema. "Kuna nyingine?"

Hakukuwa na nyingine. Nilipapasa moyo wangu huku na huku, ulikuwa mweupe, mtupu. Nikakishika kikombe. Nikamwona jinsi alivyotega sikio, shingo imenyooka, kama mtu anayesomewa majina na anasubiri lake, na nikaona kwamba nikiyapuliza haya maji tumemaliza.

Nikakirudisha kikombe chini.

"Iko," nikamwambia. "Tena kubwa. Harusi ya dada yangu hukuja. Ukoo wote ulikuwa pale, wakauliza, yuko wapi? Sikuwa na la kuwajibu. Tuliacha nafasi yako kwenye mkeka mpaka jioni."

Sina dada. Mama yangu alizaa wavulana watupu, na Dresa, aliyemfunga mama yangu vidonda vya miguu hadi alipokufa, alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Akafumbua macho yake ya manjano, akanitazama.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nilichelewa njiani."

Nikayatia maji kinywani.